Kimo cha herufi kilipoacha kuwa kimoja

Nilipoanza kuandika programu za Windows, 96 ilikuwa kama sheria. Mtumiaji akichagua fonti ya pointi 12, tuliipa Windows -16, na herufi zikatokea. Hesabu ni fupi: pointi ni sehemu ya 72 ya inchi, kwa hiyo unazidisha pointi kwa pikseli zilizomo katika inchi moja, halafu unagawanya kwa 72. Skrini karibu zote zilihesabiwa kuwa na pikseli 96 kwa inchi, na wengi waliiandika 96 hiyo moja kwa moja kwenye programu zao.

Alama ya kutoa iliwasumbua wageni. Katika LOGFONT, muundo wa data unaoielezea fonti, kimo huandikwa katika lfHeight. Ikiwa chanya, Windows huichukua kuwa kimo cha kisanduku kizima, pamoja na nafasi ya juu iliyoachiwa alama kama zile za Kifaransa. Ikiwa hasi, nafasi hiyo haihesabiwi, na kinachobaki ndicho kimo kinacholingana na pointi. Ukiisahau alama ya kutoa, herufi hutoka ndogo kuliko ulivyotaka.

Printa ndiyo iliyofundisha adabu. Kwa nukta 600 kwa inchi, pointi 12 ni 100. Ukipeleka 16 ya skrini, unapata herufi zisizofika hata pointi 2. Ilibidi kukiuliza kifaa chenyewe kina nukta ngapi kwa inchi, kwa GetDeviceCaps na LOGPIXELSY.

Halafu kuna makombo. Pointi 8 kwenye 96 ni pikseli 10.67, MulDiv, kitendakazi cha Windows cha kuzidisha na kugawanya, huzifanya 11, na ukizirudisha kuwa pointi unapata 8.25. Ndiyo ile 8.25 iliyojaa katika fomu za .NET. Windows Vista ilipokuja na fonti ya Segoe UI ya pointi 9 nilifurahi sana, maana hiyo ni 12 kamili.

Vista hiyohiyo ilianza kuzivuta kama picha programu zisizojitangaza kuwa zinajua DPI, yaani nukta kwa inchi, zikatoka na ukungu. Mwaka 2013, Windows 8.1 iliiruhusu kila skrini kuwa na DPI yake. Sasa dirisha likiburutwa kutoka skrini ya 144 kwenda ya 96, ujumbe wa WM_DPICHANGED hufika, na pointi 9 iliyokuwa -18 inapaswa kuwa -12 papo hapo. Kwa hiyo katika faili za mipangilio nahifadhi pointi peke yake. Kimo nakikokotoa baada ya kuliuliza dirisha DPI yake, kwa GetDpiForWindow.