Makaburi ya Wazungu na swali la bibi

Wiki hii nakupandisha Lushoto, ila safari yenyewe ilianzia makaburini. Usicheke!

Jumamosi moja niliazima kamera ya mshikaji, nikaingia makaburi ya wanajeshi ya Barabara ya Bagamoyo, Dar. Magari yanapita pale kutwa nzima na watu hata shingo hawageuzi. Ndani kimya, majani yamepunguzwa kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Wamelala humo zaidi ya watu 1,700 wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Mwingereza na Mjerumani walipokuja kupigana kwenye ardhi yetu. Mwaka 1968 makaburi 660 yalihamishiwa hapo kutoka upande wa baharini ili kupisha barabara. Yaani hata marehemu walipewa viwanja vipya! Mawe yamepangwa safu kwa safu: jina, kikosi, tarehe. Nikapiga picha mpaka betri ikakata roho.

Nikazisafisha, nikapanda basi. Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo. Pale Mombo ndipo mambo yanaanza: kilomita kama 33 za kupanda, kona juu ya kona, bonde liko chini ya dirisha lako. Abiria mwoga anafumba macho. Ukifika Soni kwenye maporomoko, kibaridi kinakusalimia. Lushoto ndiyo Wilhelmstal ya Wajerumani, waliyoipa jina la mfalme wao, Wilhelm II. Mwingereza aliiteka Juni 1916.

"Onga mshi, bibi!" Nikapokelewa kwa chai ya moto, nikamwaga picha mkekani. Bibi hajui kusoma. Akazipindua moja moja, taratibu, kisha akauliza:

"Mjukuu wangu, la babu yangu ni lipi hapa?"

Basi bwana, nikaduwaa. Sikuwahi kusikia habari hiyo. Bibi akasema babu yake alikamatwa enzi za vita akabebeshwa mzigo wa jeshi. Akateremka mlima nao kichwani. Hakurudi.

Wapo wengi wa namna hiyo. Wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi zaidi ya 90,000 waliobeba mizigo ya Mwingereza walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa, si risasi. Kariakoo unakonunua viatu jina lake limetokana na kikosi hicho cha wapagazi. Sanamu ya Askari pale katikati ya Dar, iliyowekwa mwaka 1927, inawakumbuka wote kwa jumla. Jina la mtu halipo hata moja. Aprili 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi hawakupewa heshima sawa na wenzao, ikaomba radhi.

Nilimweleza bibi habari hizo. Akanyamaza, akaongeza kuni jikoni.

Kesho yake asubuhi akanipeleka mwisho wa shamba, mahali njia ya zamani inapoanza kuteremka. "Piga hapa," akasema. "Ndipo walipomwona mwisho."

Nikapiga. Nyuma ya picha nikaandika jina alilonitajia, herufi kubwa, na yeye akaiweka kwenye sanduku lake la kanga.

Msomaji wangu, wewe ulishamuuliza bibi yako? Muulize mapema, maana akiondoka anaondoka na majina yote. Tukutane wiki ijayo!