Melbourne: Twendeni Tukateleze

Mkifika Melbourne, Australia, wewe na mwenzi wako, wenyeji watawasifia kwanza kahawa na tramu zao. Sawa. Lakini kama nyinyi ni watu wa kutoka Ijumaa usiku, ulizieni pia Shuffle, ule mtindo wa kuserereka na miguu kama sakafu imepakwa mafuta. Ulizaliwa jijini humo, mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, vijana walipoanza kukesha na muziki wa hausi uliotoka Marekani na Uingereza.

Pandeni tramu hadi Docklands, ubavuni mwa katikati ya jiji. Hapo palikuwa bandari. Meli za makontena zilipohamia gati nyingine, maghala yakabaki matupu, na miaka ya 1990 yakajulikana kwa disko za usiku kucha. Ghala lina nini? Lina nafasi, lina sakafu ngumu, na hakuna jirani wa kukugongea mlango saa tisa usiku!

Hatua za msingi ni mbili tu. Ya kwanza ni kama mtu anayekimbia bila kufika popote: unatupa mguu mbele, halafu unairudisha yote miwili katikati kwa kuteleza. Ya pili inachora herufi T: mguu mmoja unazunguka kwa kisigino na vidole ukikupeleka pembeni, mwingine unanyanyuka na kushuka kufuata mdundo. Wengine walimwaga poda ya watoto sakafuni ili wateleze vizuri, na suruali zao zilikuwa pana kiasi cha kuficha viatu. Ukiangalia, unadhani mtu anaelea. Miaka ya 2000 muziki wenyewe ukakaza, mapigo 140 hadi 150 kwa dakika. Si mchezo!

YouTube ilipoanza mwaka 2005, vijana wakawa wanajirekodi na kufundishana. Malaysia wakaudaka kwa nguvu. Mwaka 2011 kundi la LMFAO likaufikisha kila kona kwa video ya wimbo wa "Party Rock Anthem".

Wakati huo Docklands ilikuwa imeshageuka. Uwanja mkubwa wa michezo ulifunguliwa mwaka 2000, yakafuata maghorofa ya kuishi na maofisi ya mabenki. Mtakachokuta leo ni boti za starehe na watu wenye tai wakiwahi kazini. Mtindo haukufa, kwa sababu kila mchezaji aliondoka nao miguuni mwake.

Na hapa wapenzi mna la kujifunza. Kwenye rumba mmoja anaongoza, mwingine anafuata. Kwenye Shuffle hakuna wa kuongoza wala wa kushikiliwa. Mnasimama ubavu kwa ubavu, kila mtu na miguu yake, mkisikiliza mdundo mmoja. Mmoja akichoka anapumzika, mwingine anaendelea, na hakuna aliyeachwa. Wangapi kati yetu tunaweza kumpa mwenzetu nafasi hiyo bila kununa?

Si lazima msubiri tiketi ya ndege. Jumamosi hii sogezeni makochi, kunjeni zulia, vaeni raba zenye soli laini, mwanze na wimbo wa taratibu. Dakika kumi zinatosha kutoa jasho. Atakayewahi kuipata ile T, amfundishe mwenzake. Bila kumcheka, tafadhali!