Kifuniko cha Rejeta

Siku tuliyong'oa injini ya Canter, kila mtu Landless alikuwa na maoni. Jirani alisema tuiuze yote kwa watu wa vyuma chakavu. Kijana wa boda alisema tuivute hadi gereji. Mama, aliyekuwa mlangoni akikata sukuma wiki, alisema jambo moja tu: "Mkiangusha ua wangu, mtanijua."

Gereji tulikuwa tumeshaenda. Walitaka laki moja na elfu themanini, na bado tungesubiri foleni. Mimi nilikuwa na elfu tisini na tano kwa simu, akiba ya miaka miwili ya kuandikia watu makala za mtandaoni. Baba alikuwa na uwanja nyuma ya nyumba, pamoja na fundi mmoja aliyewahi kuwa tanboi wake. Tukapiga hesabu: tukiitoa na kuifungua wenyewe, mjini tutapeleka bloku, hedi na krenki peke yake.

Baba aliinunua Canter hiyo mtumba mwaka 2009, wakati Thika Road ndiyo inaanza kupanuliwa. Tangu hapo imebeba mawe ya Ndarugo kutoka machimbo ya Juja, na karo yangu ilitoka humo, jiwe kwa jiwe. Kila alfajiri, kabla hata ya chai, Baba aliangalia maji na oili. Sisi watoto hatukuhitaji saa ya kutuamsha. Tulimsikia akipiga tairi kwa spana, moja baada ya nyingine.

Ilichemka njia ya kwenda Matuu, ikiwa na mzigo. Alipoisimamisha kando ya barabara, injini ilikuwa imeshika. "Ni paipu ya maji," alituambia jioni. "Imezeeka." Nani angembishia mzee na lori lake?

Tulianza Jumamosi saa moja asubuhi. Betri ikatoka kwanza. Fundi akafungua nati ya chini, na oili ikamwagika kwenye karai ikiwa na rangi ya chai ya maziwa. Aliitazama bila kusema kitu. Maji yakishachanganyika na oili, gasketi ya hedi imekwenda, na mara nyingi hedi yenyewe imepinda.

Kazi yangu ilikuwa kumbukumbu. Kila waya ulipochomolewa niliupiga picha, nikaubandika tepu na kuandika unapoingia. Bolti zilienda kwenye mikebe ya Kimbo: maundini, giaboksi, ekzosi. Baba alichukua bolti moja ndefu akaigeuza mkononi. "Mami, hii ni ya wapi?" Huniita mami kwa sababu nina jina la mama yake. Nikamwambia ni ya giaboksi. Baada ya muda kidogo akauliza tena. Akauliza mara ya tatu. Huyu ni mtu aliyewahi kufungua giaboksi hiyo usiku, tochi ikiwa mdomoni.

Kalamu yangu ilipoisha wino nilienda kutafuta nyingine kwenye koti lake la kazi, lile lililoning'inia kwenye msumari tangu siku ya Matuu. Mfukoni nikapata kifuniko cha rejeta.

Nilisimama pale nikikishika. Hakikuwa kimevunjika. Aliongeza maji asubuhi ile, akakiweka mfukoni, akasahau kukirudisha. Akaondoka na tani za mawe, rejeta ikiwa wazi. Nikakitia mfukoni mwangu, nikarudi uwanjani na kalamu.

Vijana sita wa ploti walinyanyua kabini wakaiweka kando. Tukasimamisha magogo matatu ya mkaratusi juu ya chasisi, mawili ubavuni na moja mbele, tukayafunga juu na kuning'iniza cheni bloku. Fundi alikuwa na sheria moja, na aliirudia kila saa: hakuna mkono, mguu wala kichwa chini ya injini inayoning'inia. Alisema ina uzito wa kilo mia tatu hivi. Ukivuta cheni, inapanda kidogo kidogo, kama mtu asiyetaka kuamka. Ikishavuka bampa, haisogezwi. Lori ndilo linalosukumwa nyuma, injini inabaki hewani.

Tulikuwa tunalisukuma gogo la mbele lilipozama kwenye udongo. Injini ikayumba. Mkono wa Baba ulikuwa chini yake.

"Baba, mkono!"

Aliutazama kwanza. Kisha akauondoa, polepole, kama aliyeuona ni wa mtu mwingine. Fundi akaweka ubao chini ya gogo, injini ikashuka juu ya tairi kuukuu, watu wakapiga makofi. Mimi nilienda nyuma ya choo nikalia.

Karakana ya mjini iliingiza silivu nne mpya, ikasaga krenki na kusawazisha uso wa hedi. Pistoni, ringi, beringi na gasketi tulinunua wenyewe. Pesa zangu zote ziliisha, na za Mama za chama zikaingia. Wiki ya nne injini iliwaka kwa jaribio la tatu, na hakuna mkebe uliobaki na bolti.

Jioni hiyo nilikiweka kile kifuniko juu ya meza, mbele ya Baba. Cha lori kilikuwa kipya. Fundi alikinunua na hakuuliza cha zamani kilienda wapi.

"Kilikuwa wapi?"

"Kwa koti lako."

Alikizungusha mara mbili. "Basi si paipu," akasema. Baada ya muda: "Mwambie fundi aendeshe yeye. Mimi nitakaa upande wa tanboi."

Kliniki ni Alhamisi. Nilidhani ni mimi niliyeligundua jambo hili, na nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwa upole. Halafu usiku huo nikaingia jikoni kuchemsha maji. Nyuma ya mlango, usawa wa macho yake, kulikuwa na kipande cha tepu chenye mwandiko wake wa herufi kubwa: ZIMA GESI. Haikuwa tepu yangu. Pembeni ilikuwa imeshakauka na kuanza kubanduka.