Wasee, Acheni Kukata Waya ya Arthi

Kila msee anayejiundia amplifaya kwa keja hufika pale pale: unaunganisha spika, unawasha, na kabla ngoma ianze unasikia "mmmmmm". Ushauri wa kwanza utakaopewa ni ukate waya ya arthi kwa plagi. Na manze, mara nyingi mlio unaisha kweli. Ndio maana huu ushauri haufi.

Hiyo waya ya kijani na njano si urembo. Laivu ikichomoka ndani iguse sanduku la chuma, arthi inabeba huo moto na fyuzi inakatika. Bila arthi fyuzi inatulia tu, na sanduku linakaa na volti 240 likingoja mkono. Pengine si wako. Ni wa siz wako mdogo anaongeza sauti.

Tafuta chanzo cha mlio basi. Unatumia laptop? Chomoa chaja. Mlio ukiisha, chaja na amplifaya zote zimeshika arthi na kebo ya sauti imefunga duara. Weka transfoma ndogo ya kutenganisha sauti kwa hiyo kebo, maneno kwisha.

Ukiendelea, fungua sanduku. Wengi hupanga graundi foleni: kapasita, spika, kisha input, zote kwa waya moja. Sasa piga hesabu. Waya ya omu 0.01 tu, ikipitisha ampea 5 za kuchaji kapasita, inazaa milivolti 50. Amplifaya ikizidisha mara 20, hiyo ni volti 1 ya kelele kwa spika! Kila graundi ipewe waya yake hadi pointi moja, kando kidogo ya pale kapasita mbili zinakutana. Arthi ya plagi nayo ifungwe kwa bolti kwenye sanduku, rangi ikwanguliwe kwanza.

Halafu ukienda Luthuli kununua transfoma, usiseme tu "ya amplifaya". Ile ya 18-0-18 ikishapita daiodi na kapasita inakupa karibu volti 25 kila upande, na TDA2030 mwisho wake ni 18. Itachomeka kabla hata usikie huo mlio. Chukua 12-0-12. Na plagi ikija na fyuzi ya ampea 13, itoe uweke ya 3.