Gitaa la Göteborg na Ulimi wa Koyama

Mhariri wa sehemu ya Kiswahili alitutaka tuandike habari za likizo. Najua wenzangu wengi wataandika juu ya arusi na mpira, nami siwalaumu. Mimi nitaandika juu ya gitaa moja nililolisikia baharini, kwa kuwa gitaa hilo lilinitia haya kwanza, kisha likanitoa haya.

Yafaa kwanza msomaji ajue natoka wapi. Kwetu ni Kisimayu, na kabila langu ni Mbajuni. Babu yangu mzaa mama alizaliwa Koyama, kimoja katika visiwa vyetu vilivyojipanga kutoka Kisimayu kuelekea mpaka wa Kenya: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vinginevyo. Kazi yetu tangu zamani ni bahari, na wazee wetu ndio waliosafiri kwa mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja.

Nilipokuja Mombasa kusoma, asubuhi ya kwanza nilisimama katika mstari wa chai. Mpishi akaniuliza nataka mahamri mangapi. Nikajibu, "Chachu." Akanitazama sana, kisha akasema, "Chachu imekwisha tiwa katika unga, bwana. Sema idadi." Mstari mzima ukaangua kicheko. Maana katika Kibajuni chachu ndiyo tatu, kama vile mtu ni mchu na moja ni moya. Tangu siku ile jina langu likawa Chachu, nami nikaapa moyoni kwamba neno la Kibajuni halitatoka tena kinywani mwangu. Nikajifunza lafudhi ya Mombasa kwa bidii kuliko nilivyojifunza hesabu. Hata kufika mwaka wa pili hakuna aliyeweza kunitambua, nami nikajiona nimeshinda.

Basi likizo ya Desemba nilirudi Kisimayu. Nikamkuta mjomba wangu amekuja kututazama kutoka Uswidi, ambako anafanya kazi katika bandari ya Göteborg. Alitoka Kisimayu mwaka 1991, vita vilipoingia, akapanda jahazi pamoja na jamaa wengi mpaka Mombasa, na huko akakaa katika kambi ya wakimbizi ya Jomvu. Mimi nilikuwa sijazaliwa bado. Mjomba alitaka kulizuru kaburi la babu huko Koyama, akaniambia nifuatane naye.

Tuliondoka alfajiri katika dau la mzee mmoja nahodha, kaskazi ikituvumia kwa nyuma. Tanga likajaa, na mashine ikazimwa ili kuokoa mafuta. Nahodha aliniuliza habari za masomo, nami nikamjibu vizuri kwa Kiswahili changu kipya. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mjomba akauliza, "Mchu huyu mgeni ni wa wapi?"

Mjomba akasema, "Ni mpwa wangu. Babu yake amezikwa huko tuendako."

Nahodha akastaajabu, wala hakuongeza neno. Mimi nikatazama maji. Ushindi wangu wote wa Mombasa uliniponyoka pale pale, maana nilikuwa naelekea kisiwa cha babu yangu nikihesabiwa mgeni.

Nafikiri mjomba aliona uso wangu. Akatoa mkobani spika ndogo, akaiunganisha na simu yake, akasema, "Sikilizeni jambo." Ukatoka muziki wa gitaa la umeme usio na mwimbaji. Nyuzi zilichapuliwa upesi upesi, kila sauti safi kama tone la maji, na nyuma yake mwangwi kama wa mtu anayepiga katika birika tupu. Ngoma na besi zilikimbia chini yake kama mawimbi yapitayo chini ya chombo.

Yafaa niseme hapa kwamba mzee yule ana njaa ya muziki. Katika miaka ile mpaka 2012, Kisimayu ilipokuwa mikononi mwa al-Shabaab, muziki ulikatazwa. Basi alitega sikio, mkono mmoja juu ya usukani, kisha akasema, "Huyu apigaye udi ni nani? Si Zein l'Abdin wa Lamu. Namjua vidole vyake."

Mjomba akacheka mpaka akashika ubavu. "Mzee, huo si udi. Ni gitaa la vijana wa Göteborg, mji ninaokaa mimi. Wanaitwa The Spotnicks."

Njia yote iliyobaki mjomba alitueleza habari zao. Walianza kutumia jina hilo mwaka 1961, na jina lenyewe linatokana na Sputnik, ile setilaiti ya kwanza iliyorushwa na Warusi mwaka 1957. Mpiga gitaa mkuu alikuwa Bo Winberg, mtu mwenye mikono ya fundi. Aliwatengenezea wenzake vyombo vya kurusha sauti ya magitaa hewani kama redio, wakaweza kutembea jukwaani bila kufungwa na waya. Siku hizi jambo hilo ni la kawaida, lakini wakati ule lilikuwa ajabu. Tena walipanda jukwaani wamevaa mavazi ya wanaanga, yaani watu wasafirio nje ya dunia. Mwaka 1962 walikwenda London, wakapata sifa kwa Orange Blossom Special, wimbo wa Marekani wenye mwendo wa gari moshi. Mwaka 1963 ukafuata Hava Nagila, wimbo wa furaha wa Mayahudi, na huo ndio tuliousikia chomboni. Mwaka 1966 wimbo wao Karelia ulipendwa mno Japani. Walivunja kundi mwaka 1970, lakini hawakukaa sana wakakutana tena, na Winberg aliendelea kupiga mpaka uzee wake. Alifariki mwezi wa Januari mwaka 2020.

Nahodha hakuridhika. Akasema, "Habari nzuri. Lakini sikio langu halijaniambia uongo. Mna udi humo."

Msomaji, mzee yule hakukosea. Nimerudi shule nikasoma, nikaona kuna sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni mpangilio wa sauti. Wapigaji wetu wa taarabu wanaujua mpangilio uitwao hijazi, ambao sauti yake ya pili na ya tatu zimeachana kwa hatua ndefu, na hatua hiyo ndiyo imtiayo msikilizaji huzuni na furaha pamoja. Hava Nagila unakwenda katika mpangilio wa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu wa Koyama, Lamu au Unguja akiusikia, moyo wake humwambia kwamba wimbo huu ni wa nyumbani, ingawa hajapata kuusikia.

Sababu ya pili ni mkono. Katika miaka ile ile ulizuka kwenye pwani ya California muziki wa magitaa bila maneno, ukaitwa muziki wa wachezao na mawimbi, yaani vijana wanaosimama juu ya ubao na kulipanda wimbi mpaka ufukoni. Bingwa wake alikuwa Dick Dale, aliyefariki mwaka 2019. Baba yake alikuwa na asili ya Lebanoni, na utotoni ami yake alimfundisha ngoma ya Kiarabu na kumzoeza kusikia udi. Dale aliposhika gitaa alichukua ule mtindo wa risha ya udi, wa kuchapua uzi mmoja juu na chini bila kupumzika. Mwaka 1962 alitoa Misirlou, wimbo wa zamani wa pande za mashariki ya bahari ya Mediterania uliojulikana kwa Wagiriki, Waarabu na Waturuki. Mtu akiusikia hudhani ni mawimbi, kumbe ni udi uliotiwa umeme.

Kuna na mwangwi. Wamarekani walipitisha sauti ya gitaa katika sanduku lenye springi ndani yake. Springi zikitikisika, sauti hurudi imelowa, kana kwamba imepita majini. Ulaya walitumia zaidi mashine iliyonasa sauti na kuirudisha baada ya punde. Hank Marvin wa The Shadows, kundi la Uingereza lililovuma kwa Apache mwaka 1960, alitumia mashine ya namna hiyo iliyotengenezwa Italia. Udi hauhitaji mashine, kwa kuwa tumbo lake la mbao ndilo mwangwi wake. Tena shingo ya udi haina vyuma vya kugawa sauti, na kidole huteleza kitakavyo. Mpiga gitaa amefungwa na vyuma, hivyo akitaka sauti iyumbe hutikisa mkono mdogo wa chuma unaolegeza na kukaza nyuzi.

Usiku ule tulilala Koyama. Baada ya kula wali na samaki tukakaa ufukoni, ndipo mjomba akanieleza jambo ambalo hakuwa amenieleza kabla.

Alisema, "Mwanangu, usidhani wewe ndiwe wa kwanza kuuficha ulimi. Nilipokuwa mkimbizi Mombasa watoto walinicheka kama walivyokucheka wewe. Nikajifunza kusema mtu na tatu. Hata nilipofika Ulaya na kuomba hifadhi, ofisi moja iliniweka kwenye simu na mtu nisiyemwona, wapime kama kweli nimetoka visiwani. Akaniuliza majina ya visiwa, nikayataja. Akaniuliza majina ya samaki, nikayataja. Akaniambia nihesabu. Nikahesabu moja, mbili, tatu, kwa adabu, kama nilivyozoea kusema mbele ya wageni. Wakaandika kwamba mtu huyu si wa visiwani, Kiswahili chake ni cha Mombasa."

Nikamwuliza, "Ukafanyaje, mjomba?"

"Nilingoja. Nilikaa miaka mitatu bila kujua kama nitarudishwa, na nirudishwe wapi. Jirani yangu alikuwa mzee wa Kiswidi. Mimi sikujua lugha yake, naye hakujua yangu. Jumamosi alinikaribisha kahawa, akaweka santuri za The Spotnicks, tukasikiliza kimya. Siku zile ule ulikuwa muziki pekee nilioweza kuuvumilia, kwa sababu haukuniuliza neno. Baadaye nilipojifunza Kiswidi kidogo, akanionyesha jalada la santuri. Akasema, huyu aitwaye Bob Lander, jina lake hasa ni Bo Starander. Walijipa majina ya Kiingereza, wakavaa kama watu waliotoka mbinguni, wakapiga nyimbo za Marekani na za Mayahudi. Lakini ukisikia gitaa lile, unajua mara moja ni Winberg wa Göteborg. Mavazi yaliweza kuwaficha, mkono haukuweza."

Mjomba akanyamaza kidogo, akachora mchangani kwa kijiti. Kisha akasema, "Niliposikilizwa mara ya pili, nilifumba macho, nikajifanya nazungumza na mama yangu. Nikahesabu moya mpaka kumi, nikaeleza nyavu zinavyotegwa, nikasahau kwamba mtu ananipima. Safari ile waliniamini. Lakini fahamu kwamba ulimi ule nilikuwa karibu kuupoteza mwenyewe. Kama ningalikaa miaka kumi zaidi nikiuficha, ningeutafuta siku ile nisiuone."

Sikuwa na jibu. Niliyasikia mawimbi tu, na katika mawimbi nikawa nasikia risha ile ikichapua. Nilifikiri habari ya mpishi na mahamri yake. Nikaona kwamba hakunifanyia ubaya wowote, alitania tu. Aliyenitenga na watu wangu alikuwa mimi mwenyewe.

Asubuhi tulizuru kaburi, tukasoma Fatiha, tukarudi ufukoni. Wavuvi walikuwa wametua, na nahodha alinunua samaki wa kuwapelekea wake Kisimayu. Akaniambia niwahesabu changu ndani ya pakacha. Nikainama, nikamtoa mmoja mmoja. Nilipofika wa tatu ulimi ukasita, kwa kuwa mazoea ni kitu kigumu. Kisha nikasema kwa sauti, "Chachu."

Nahodha hakunisifu wala hakucheka. Alisema tu, "Endelea, babu." Kisha akaenda kuitazama mashine, maana kaskazi sasa ilikuwa mbele yetu.

Wenzangu wapenzi, sisemi kwamba tusijifunze lafudhi za watu. The Spotnicks walipiga nyimbo za kila taifa na wakafaulu, na udi wenyewe ulitujia kutoka ng'ambo. Nasema tu kwamba mtu apokee ya wenzake bila kuutupa mkono wake mwenyewe, kwani wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Nami nawaarifu nyote kwamba jina langu la utani nimelikubali kwa moyo mmoja. Mpishi akiniuliza tena nataka mahamri mangapi, jibu analijua.