KITANDA USICHOKILALIA

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi, mpenzi msomaji, niliidharau methali hiyo mpaka ikanitia adabu.

Ilikuwa likizo ya Aprili. Mdogo wangu wa miaka saba alijimwagia chai ya moto mkononi. Tulimtilia maji baridi, akanyamaza. Mkono ulivimba kidogo tu. Kesho yake mama alienda kazini akaniachia kazi ya kumwogesha. Maji yalikuwa vuguvugu; niliyapima kwa kiwiko changu. Lo! Yalipomgusa ule mkono alipiga ukemi utadhani amepakwa makaa.

"Wacha kujifanya!" nikafoka. "Hayo maji hata hayana moto!"

Nikamshika kwa nguvu nikamwosha. Alilia mpaka sauti ikamkauka.

Muhula uliofuata nilimwuliza mwalimu wetu wa bayolojia kwa nini pilipili huchoma ilhali haina moto. Alitabasamu, akachukua chaki. Akasema kwamba kwenye ncha za neva za maumivu mna vijilango vya protini vinavyopitisha ioni. Kimoja huitwa TRPV1. Kwa kawaida kimefungwa, lakini joto likifika kama nyuzi 43 za Selsiasi hufunguka. Ioni za sodiamu na kalsiamu huingia ndani ya seli, nayo neva hupeleka habari kwa umeme hadi uti wa mgongo, kisha ubongo. Pilipili ina kapsaisini, ambayo hufungua kijilango kicho hicho. Ndiyo maana ulimi hudhani unaungua. Mmarekani David Julius na wenzake walikitambua mwaka wa 1997 kwa kutumia hiyo kapsaisini. Mwaka wa 2021 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian.

Lililonichoma mimi lilikuja mwisho. Ngozi ikiumia, alisema, hutoka kemikali zinazokilegeza kijilango hicho. Basi hakingoji tena nyuzi 43. Hata maji ya vuguvugu, hata joto la mwili wenyewe, huweza kukifungua. Huo ni ulinzi: mwili unamlazimisha mtu autunze mkono mpaka upone.

Nilipigwa na butwaa. Kumbe mtoto hakuwa akijifanya! Maji yalikuwa yale yale, lakini milango ya mkono wake haikuwa kama ya kiwiko changu kizima. Na mimi nilikuwa nimeushika mkono huo kwa nguvu.

Jioni nilimwomba msamaha. Yeye alikuwa ameshasahau, bwana; aliniuliza tu kama nimemletea mandazi. Mimi sijasahau.

Wenzangu, hapa shuleni tuna mazoea ya kumcheka anayejikunja kwenye dawati, ati anakwepa mtihani. Huenda wengine wanakwepa, sikatai. Lakini kabla hujacheka, kumbuka kwamba uchungu wa mwenzako haupimwi kwa ngozi yako. Hapo ndipo ninapoitua kalamu yangu.