Kupima Sauti za Ngara na Biharamulo

Mfanyakazi aliyetoka Ngara akaajiriwa Dar es Salaam au Mwanza ana njia chache za kujua yanayotendeka nyumbani. Magazeti makubwa huikumbuka wilaya ile pale lori linapopinduka mteremkoni, au mkubwa fulani anapozuru daraja la Rusumo. Habari za bei ya maharage, za kisima kilichoharibika, za mnyauko wa migomba, hizo huzipata kwa ndugu zake, au kwa vijana wachache wanaoandika blogu kutoka Ngara mjini, Kabanga, Nyakanazi na Biharamulo. Vijana hao hawana mshahara. Huandika kwa simu, hununua vifurushi kwa fedha zao wenyewe, na jioni huulizwa na wake au waume zao: kazi hii inatuletea nini humu ndani?

Swali hilo ndilo lililonifanya mimi, mwandishi wa gazeti nisiye fundi wa kompyuta, nikae miezi kadhaa na mpwa wangu ajuaye kuandika programu, tukiunda chombo cha kupima wanablogu. Mfanyabiashara mmoja wa pembejeo pale Nyakanazi, njia panda ya malori yaendayo Rwanda na Burundi, alikuwa tayari kuwapa waandishi hao matangazo yake. Alitaka kujua jambo moja: nani husomwa? Si yule aliyesomwa siku moja, alisisitiza mzee huyo, bali yule asomwaye kila juma, na ambaye akisema neno watu hulifanyia kazi.

Nilidhani chombo cha namna hiyo kipo tayari. Blogu za Kiswahili si jambo la jana. Ndesanjo Macha aliandika Jikomboe tangu 2004, na Issa Michuzi, mpiga picha wa gazeti, akaanza ya kwake 2005, ikawa baraza la Watanzania wa ndani na ng'ambo. Zama hizo palikuwapo vipimo viwili mashuhuri kutoka Marekani. Technorati, iliyoanza 2002, ilihesabu ni blogu ngapi nyingine zimekutaja na kukuunganisha katika muda wa miezi sita. Alexa ilipanga tovuti za dunia nzima kwa wingi wa wageni, hadi ilipofungwa tarehe 1 Mei 2022. Kwa miaka mingi hesabu za Alexa zilitegemea watu waliokubali kuweka kidude chake katika kompyuta zao. Ndugu msomaji, hebu tafakari: mkulima wa Rulenge asomaye kwa simu ya mkononi angehesabiwa na nani? Ilikuwa sawa na kupima mavuno ya Kagera kwa kuuliza wapangaji wa Upanga.

Tukaanza wenyewe. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba wastani ni shahidi mwongo. Tuseme mwandishi ana makala 20. Makala 19 zimesomwa na watu 50 kila moja, na moja, yenye picha ya ugomvi wa stendi, imesomwa na watu 9,050. Jumla ni 10,000, na wastani wake ni 500, ilhali hakuna hata makala moja iliyosomwa na watu 500! Mwenziwe ana makala 20 zilizosomwa na watu 300 kila moja. Kwa wastani huyu wa pili ameshindwa. Kwa mwenye duka atakaye tangazo lake lionekane kila Jumatatu, ndiye pekee anayefaa.

Mpwa wangu akaleta kanuni aliyoisoma chuoni. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alitafuta namna ya kupima wanasayansi bila kudanganywa na andiko moja lililopata bahati. Kanuni yake ni nyepesi hata kwa sisi tuliokimbia hesabu. Panga makala za mwandishi kuanzia iliyojibiwa na watu wengi hadi iliyojibiwa na wachache. Shuka ukihesabu moja, mbili, tatu. Simama kabla ya mahali ambapo namba ya mstari inazidi idadi ya majibu. Hapo ulipofika ndicho kipimo chake. Mwandishi aliyepata majibu 400, 6, 5, 3, 2 na 1 anaishia kwenye 3. Aliyepata 14, 12, 11, 11, 10, 9, 9, 8, 7 na 6 anafika 8, ingawa majibu yake yote hayafikii hata 100.

Nilifurahi kama mtoto. Lakini kipimo hicho kina ila yake: hakishuki kamwe. Aliyeacha kuandika miaka mitano iliyopita angebaki na namba yake kama mstaafu na nishani. Tukaamua kuhesabu makala za miezi 12 tu, na pembeni tukaonyesha ni majuma mangapi kati ya 52 mwandishi alitoa walau makala moja.

Baada ya hapo tukaingia kwenye matatizo ya mahali. Chombo kilipoanza kutuambia wasomaji wako wapi, kikasema karibu wote wako Dar es Salaam. Nilipotaka kushangilia, mpwa wangu akacheka. "Mjomba, hiyo ni njia ya simu, siyo mtu." Mitandao yetu ya simu hupitisha mawasiliano ya mikoani katika mitambo michache mikubwa, hivyo mtu aliyekaa chini ya mwembe Biharamulo huonekana kama yuko mjini. Nako Kabanga na Rusumo simu hunasa mawimbi ya jirani, na Mhangaza asiyevuka mpaka mwaka mzima akahesabiwa kuwa msomaji wa Burundi au Rwanda. Safu ile ya mahali tuliifuta. Takwimu inayokosea kwa uhakika namna hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na takwimu.

Kuna na lile la kibanda cha chai. Mmoja ana kifurushi. Hufungua makala, huisoma kwa sauti, watano husikiliza na kubishana. Mashine huona mtu mmoja. Wengine hunakili maandishi yote wakayatuma katika kundi la ukoo kwenye WhatsApp, na mashine haioni mtu hata mmoja. Kwa upande mwingine, programu zinazozunguka intaneti usiku kucha zikikusanya maandishi huhesabiwa kama wasomaji hodari, mpaka uzichuje. Wazee wetu watakumbuka kadi za salamu za Radio Tanzania. Aliyehukumu usikivu kwa kadi zile angeamini kwamba nchi ina wasikilizaji mia mbili, kwa kuwa majina yalikuwa yale yale kila juma, na mama aliyesikiliza huku akipika hakutuma kadi hata siku moja.

Kwa hakika sehemu iliyonitoa jasho ni ile ya athari. Dada mmoja wa Ngara, mama wa watoto wawili, huandika juu ya lishe, mihogo na maji. Makala yake kuhusu pampu ya kijiji iliyokaa bila kufanya kazi ilisomwa na watu wachache mno. Mmoja wao, hata hivyo, alikuwa mtu wa idara ya maji, na haukupita muda fundi akafika. Katika orodha yetu dada huyo alikuwa karibu na mwisho. Alinipigia simu akauliza kwa upole ulionichoma kuliko hasira: "Kaka, wale akina mama wanaochota maji sasa, hao wako safu ipi?"

Tukaongeza safu inayojazwa kwa mkono: jambo lililotokea baada ya makala. Sharti letu ni kwamba lithibitishwe na watu wawili wasio jamaa wa mwandishi. Mpwa wangu hakulipenda, kwani mtaalamu wa programu huona kitu kisichojihesabu chenyewe kuwa uchafu. Mimi nalitetea hadi leo. Bila safu hiyo, mwandishi mwenye akili angeacha pampu akatafuta ugomvi wa stendi. Na hata kipimo cha majibu kilianza kuchezewa mara tu habari za matangazo zilipoenea: makala moja ikapata majibu mengi kwa usiku mmoja, yote yakisema "hongera sana" kwa mwandiko uliofanana kama mapacha. Ikabidi majibu ya mtu mmoja yahesabiwe mara moja tu kwa mwezi.

Niseme pia kuhusu mapengo. Waandishi wawili katika orodha walikuwa na ukimya mrefu, na kwa kipimo cha uthabiti wangeonekana wavivu. Ukimya wao ulianza 2018, mwaka zilipotoka kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu awe na leseni. Maombi, leseni na ada ya mwaka kwa pamoja vilifika shilingi 2,100,000. Kanuni hizo ziliandikwa upya 2020. Lakini kijana wa Biharamulo aliyefunga blogu kwa kukosa milioni mbili hakufunga kwa uvivu, na mashine isiyojua hilo inamdhulumu mara ya pili. Katika orodha tuliweka alama mbele ya majina yao, na maelezo mafupi.

Ngara, kuliko pengine popote nchini, haiwezi kuuona umaarufu kama jambo lisilo na madhara. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda wakapiga kambi Benaco. Nchi waliyoikimbia ilikuwa na redio iliyopendwa sana, RTLM, iliyoanza kutangaza Julai 1993: muziki mzuri, mizaha, watangazaji wachangamfu, na ndani yake wito wa kuua. Kwa chombo chetu redio ile ingepata alama za juu kabisa, kwa uthabiti na kwa athari. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili, pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Upande wetu wa mpaka, mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera hapo Ngara, ili watu wa kambini na wenyeji wasikie habari badala ya uvumi. Ni nani angesema ipi ilikuwa na "athari" zaidi, na kwa namba gani?

Ndiyo maana safu ile ya mkono ina sehemu mbili, jema na ovu. Aliyeandika uvumi kuhusu wezi wa mifugo, wenye njia wakapigwa, huandikiwa vilevile, na jambo lake haliondolewi kwa ombi.

Mzee wa Nyakanazi alipokea karatasi zetu akavaa miwani. Aliruka namba ya jumla, ambayo mpwa wangu aliipigia mahesabu kwa siku nyingi, akaenda moja kwa moja kwenye majuma 52 na ile safu ya mkono. Akachagua waandishi wanne, dada wa pampu akiwamo, akawalipa sawasawa kwa miezi mitatu. Kila mmoja akapewa neno lake la kutaja katika tangazo, ili mteja akifika dukani alitaje naye. Neno la dada huyo ni "mbegu ya mama". Muuza duka ana daftari anamochora mistari.